Ni Picha ya Nini?

Iyunga, Mbeya

Mjukuu wangu Tuntufye,

Sisi ni wazima, mahindi yamekauka vizuri, na bibi yako anakusalimu, ingawa picha uliyotutumia imetuchosha. Kila mgeni anaigeuza huku na huku. Bibi anasema ni sufuria iliyoungua. Nawe unaniuliza, "Babu, unaona nini?" Jamani, swali lile lile tena!

Nilipokuwa karani kijana Iringa, katika kiwanda cha kupiga chapa, alikuja mchoraji Mzungu. Alichora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, akalitia wino na kulipiga chapa, zikatoka karatasi zenye mabaka meusi tu. Mkuu wangu alitaka jina la picha hiyo, aliandike juu ya kifurushi cha posta.

"Ni picha ya nini, bwana?" nilimuuliza mchoraji.

"Ni nyeusi na nyeupe."

Nilipompelekea jibu hilo, mkuu akafoka, "Hizo ni rangi! Rudi ukaulize. Ukija bila jina, kazi huna."

Nikarudi kwa mchoraji. Nikamkuta anamwaga mchanga na maji juu ya jiwe, maana jiwe husagwa ili lichorwe tena. Mabaka yalikuwa yanafifia.

"Bwana, usiifute!" nilipiga kelele, mimi niliyeogopa hata kukohoa mbele ya Mzungu.

Akacheka. "Kwani ni picha ya nini?"

Sikujua ni ya nini, na bado nilitaka ibaki. Nikaandika "Picha" basi. Mkuu akanikodolea macho, akasonya, akapiga muhuri.

Kwa hiyo usiniulize tena. Jana shangazi yako alitaka kuitumia hiyo picha yako kuwashia jiko, nikamfokea mpaka majirani wakasikia.

Babu yako