Kavira amenitangulia

Kibabi, Jumanne

Wivu unaniuma, nakubali. Profesa amenipigia simu leo: "Bauma, Kavira wa Walikale amepata ule uthibitisho. Iko muzuri sana!"

Ni uthibitisho uleule wangu wa hesabu: kwamba programu zinazotuma ujumbe bila kungoja jibu zinaweza kufanya kazi yote ya zile zinazongojana.

"Profesa, nilimaliza mbele yake."

"Naamini. Lakini karatasi yake njo niko nayo mukononi."

Karatasi zake zilipanda ndege. Zangu zimekwama Nyabiondo kwa mwenye pikipiki, vita imefunga barabara. Na mimi njo nilimufundisha Kavira hesabu hiyo, tangu mwanzo!

Nimemutumia SMS ya pongezi, nikisaga meno. Amejibu palepale: "Asante kaka. Ukikwama, uniulize, nitakueleza polepole."

Nimezima simu.