Wateja Walioishia Getini

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku mzima, nafua mashuka ya hoteli mpaka mikono imekunjamana kuliko ya bibi. Wewe je? Kifua? Pumzi?

Daktari amesema mshtuko wa moyo umepita salama, lakini mimi sitaki mchezo. Nimeshampa Mama amri: saluni ifungwe, mkasi na mashine ya kunyolea viende kabatini, na habari yoyote ya kukushtua isifike kitandani kwako. Miaka thelathini umesimama nyuma ya kile kiti. Sasa pumzika.

Kifungua mimba wako

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Nakula, nalala. Usijali.

Baba

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali sikuulizi, utanijibu tena kwa mstari mmoja. Wewe, ambaye barua yako huanza na mvua ya juzi ikaishia kwenye ugomvi wa majirani!

Mama amenipigia simu akilia. Anasema unageukia ukuta tangu asubuhi, ndevu zimefika kwenye kola. Na jana, alipotaka kufua koti lako, amekuta mfukoni vidonge vya wiki mbili. Alipokuuliza, ukasema, "Vya nini?" Baba, bila vile vidonge moyo utakuangusha tena, na safari hii huenda usiinuke.

Nakuomba kitu kimoja tu. Alhamisi ukienda kliniki, liseme neno hilohilo la "Vya nini?" mbele ya wauguzi. Usiwaambie hujambo.

Mwanao, ninayeogopa

19 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na utafute pa kukaa, maana leo karatasi ninazo nne.

Kliniki nilikwenda shingo upande. Nesi wa pale, mama mfupi mwenye miwani iliyoungwa kwa plasta, alinipima presha, akaandika, kisha akaweka kalamu chini. "Mzee, siku hizi unafurahia nini?" Nikataka kumtania, utani haukuja. Nikasema, "Hivyo vidonge vya nini?" Halafu nikalia, foleni nzima ikiniangalia.

Hakushtuka. Alivuta pazia, akanieleza kwamba hiyo ni sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa, na huwashika wengi baada ya moyo kuugua. Si woga wala si kukosa imani. Inatibika, na ukiiacha hata moyo wenyewe unazidi kuumia. Mwanangu, yule mama huona wagonjwa sitini kwa siku, na aliniuliza kana kwamba siku hiyo mgonjwa ni mimi tu. Nimemvulia kofia.

Sasa nina kidonge kingine cha asubuhi, ambacho wiki tatu za mwanzo nilikiona cha bure kabisa, na mshauri kila Jumanne. Umri wangu wote watu wamekaa kitini kwangu wakanimwagia yao ya moyoni. Kukaa mimi kulinishinda. Siku ya kwanza nilimwambia mshauri kwamba aliyemkata nywele hana adabu. Akacheka, akangoja.

Wiki ya nne akamwita mama yako. Hapo ndipo nilipotoa kinachoniuma: tangu nitoke hospitali hakuna mteja hata mmoja aliyekuja kunijulia hali. Nilijiona nimeshazikwa, ila tu nimesahauliwa juu ya ardhi. Mama yako akashika mdomo. Kumbe walikuja! Kila siku walikuja, wakarudishiwa getini kwa amri yako, wasije wakaniletea habari za kunishtua. Hata yule mwalimu mstaafu, ambaye tangu Februari amewakataa vinyozi wote wa mjini. Amekuwa na kichwa kama ufagio wa zamani.

Nilikukasirikia, sikufichi. Siku mbili nzima. Halafu nikaona kwamba ulinipenda mpaka ukanifungia ndani. Siku hizi nanyoa vichwa vitatu kila asubuhi, nimekaa kwenye stuli, na daktari ameridhia. Vidonge nameza vyote. Mwalimu alikuwa wa kwanza, ilinichukua saa nzima.

Baba yako, Kinyozi

2 Julai

Baba yangu,

Shikamoo mara kumi. Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha pasi, msimamizi akaita mpaka akachoka.

Nisamehe. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikunyang'anya watu wako. Wewe umekaa mbele ya mtu usiyemjua ukasema unaumia, na mimi sijui kama ningeweza. Nimewaambia wenzangu wote hapa kwamba sijaona mtu jasiri kama baba yangu. Umeshinda, Baba!

Mwanao, ninayejivunia

16 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sifa zako nimemsomea nesi, akafurahi, akakusalimu.

Ila usinisifu kupita kiasi. Ni kweli, kile kilima cha kwenda sokoni nakipanda bila kusimama, na juzi nimecheka mpaka mama yako akaja kuangalia kuna nini. Lakini moyo ni uleule wenye kovu, na sonona haijahama yote. Leo ni Jumanne, siku ya mshauri. Tangu saa moja nimekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, na sioni kwa nini nihangaike na ya pili. Mama yako amekaa kando yangu. Nimemwomba kalamu nikuandikie hivi hivi, usije ukadhani nimeshamaliza.

Sasa ni saa mbili na nusu. Nimevaa ya pili. Nakwenda.

Baba yako