Nilipoitika kwa Jina Lako

Doto wangu,

Mwangaluka. Nimeandika salamu hiyo moja tu nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Ndivyo nilivyo siku hizi, kiti hakinikai. Ungeniona ungesema nimekalia siafu.

Najua Bibi hangependa barua hii. Ulipofariki kule nyumbani Ushetu wakati wa likizo, kwa homa ambayo sote tuliiona ndogo, watu walilia hadi kwa jirani. Mimi Bibi alinishika mkono akaniingiza jikoni kwake. "Ng'wanawane," aliniambia, "pacha haliliwi na pacha mwenzake. Ukimlilia, atakuita." Mama alinyamaza, na unajua Mama akinyamaza mbele ya Bibi maana yake amekubali. Basi nikabaki jikoni nikisonga ugali wa waliokuja msibani, macho makavu. Wasiotujua walidhani nina roho ya jiwe.

Chuo kilipofunguliwa nikarudi Shinyanga peke yangu. Unakumbuka tulivyogawana kazi? Mimi vitabu, wewe watu. Napiga msuli maktaba mpaka macho yanawasha, jioni unakuja kutoka uwanjani na vumbi lako, unanipa habari za nani kanuniana na nani, halafu unaweka michembe ya viazi juu ya ukurasa ninaousoma. "Kula kwanza, kitabu hakina miguu." Mitihani ikikaribia nilikukalisha chini kwa nguvu, ukasoma huku unalalamika. Tukafaulu wote, mimi kwa mbio, wewe kwa kuchechemea.

Siku ileile niliyorudi nilipita uwanjani, dada mmoja wa timu ya mpira wa pete akapaza sauti: "Doto, ingia, tumepungukiwa." Alikuwa hajasikia msiba. Nikaitika. Mpaka leo sijui kwa nini. Nikavua viatu nikaingia. Waliojua walitazama chini, labda walifikiri kucheza kunanipoza.

Tangu hapo nikavaa jezi yako. Nikaingia kwaya yako, mimi mwenye sauti ya chura. Jumapili nikawa nasuka nywele za wenzetu pale nyuma ya bweni ulipokuwa unakaa, nasuluhisha ugomvi, nasindikiza wagonjwa. Kisha narudi kwenye vitabu, maana Kulwa naye alitakiwa afaulu. Niliogopa, Doto. Nilidhani nikiacha kitu chako kimoja tu, hapo ndipo utakuwa umekufa kweli.

Kula nikasahau, kulala nikawa naibia. Rehema, yule wa Runzewe anayelala kitanda chako sasa (usinune, alikiomba kwa adabu), alikuwa ananiwekea chakula kwenye hotipoti. Namrudishia kimepoa, nasema nimeshiba. "Umeshiba nini, upepo?" aliniuliza siku moja, na hakuwa anatania.

Halafu mtihani wa Saikolojia ukasogezwa, ukaangukia siku ya bonanza la vyuo. Kulwa unayemjua wewe asingejiuliza mara mbili. Mimi nikaenda uwanjani. Mechi haijafika hata nusu, nikaona nguzo ya goli inainama, nikaenda chini.

Nilizinduka kwenye zahanati. Nesi alikuwa ananifunga kile kitambaa cha presha huku akiniuliza jina. Nikasema, "Doto." Nililisema kwa utulivu kabisa. Akaanza kuandika. Rehema alikuwa amesimama miguuni pangu, ameshika viatu vyangu. Akasema, "Hapana, sista. Huyu ni Kulwa. Doto alishafariki."

Hakuna mtu aliyewahi kulisema hilo mbele yangu. Nyumbani walisema umetutoka, umepumzika, umetangulia. Bibi hakusema kabisa. Nikalia, Doto. Nililia vilio vyote vya kule jikoni, kwa sauti mbaya, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe. Nilipochoka nikatulia nikingoja uniite, kama Bibi alivyosema. Hukuniita. Waliokuwa wanaita siku zote hizo ni watu tu, na mimi ndiye niliyekuwa naitika. Nesi akaniletea uji, nikaunywa wote.

Nilimpigia Bibi nikamwambia nimelia. Akaniambia, "Na mimi nililia, ng'wanawane. Nililia ndani ya bani, msinione." Umemsikia mwenzio? Kila alipotoka mle na macho mekundu tulilaumu moshi wa kukaushia tumbaku. Akasema alinikataza kwa sababu aliogopa kutuzika wote wawili. Sikumkasirikia. Ningekuwa yeye labda ningefanya hivyohivyo.

Jezi nimeirudisha. Wamempa binti wa mwaka wa kwanza, hajui kutoa pasi, ungemcheka mpaka ukae chini. Kwaya nimeacha, na kwaya imepumua. Kusuka nywele sijaacha, maana nimegundua napenda, mimi mwenyewe, na stori za pale zinanifanya nicheke bila kulazimishwa. Rehema amepitisha sheria kwamba hakuna diskasheni kabla ya kula, na ananisimamia kama matroni.

Lakini usidhani nimetulia. Chuo kimekubali nifanye ule mtihani kwa sababu nilikuwa zahanati, ila nafasi ni hiyo moja. Nikianguka nimedisko, chuo basi, narudi Ushetu kuchuma tumbaku. Ni kesho asubuhi. Leo nimesoma, nimeinuka, nimefua soksi safi, nimesoma tena. Huko nje nasikia wanacheza mpira, na miguu yangu inataka kwenda.

Jana yule mama wa maandazi wa getini aliniona kwa mbali akaita, "Doto, mwanangu, mbona umeadimika?" Mdomo ulifunguka uitike. Nikaufunga. Nikamsogelea nikamwambia, "Shikamoo mama. Mimi ni Kulwa. Doto alifariki." Akaweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye khanga, akanikumbatia. Tukalia pale mpaka maandazi yakaungua.

Mimi nilitangulia kuja, wewe ukatangulia kuondoka. Foleni hujawahi kuiheshimu. Nenda salama, pacha wangu, usinisubiri mlangoni, nitachelewa sana. Nakuahidi kesho nitakunywa uji kwanza, nitaingia chumba cha mtihani nimeshiba, na juu ya karatasi nitaandika jina moja.

Lala mhola, lala salama.

Ni mimi,
Kulwa