Alama Tisini na Nne

Bwejuu, 14 Mei 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, mafua yameondoka, kazi inaendelea. Goti lako je? Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima. Bakar, anayetuletea mboga hotelini kutoka Mwanakwerekwe, atakufikishia barua mpaka Kiponda.

Nina kisa cha kukuchekesha. Kaja mzee wa Kizungu ambaye kazi yake ni kuonja mvinyo na kuupa alama kama mwalimu. Anausukasuka glasini, ananusa, anaonja, anatema, kisha anaandika: themanini na saba, tisini na mbili. Mia ndiyo mwisho. Mvinyo ukipita tisini watu wanaugombania, hata wasioijua ladha yake. Jana mchana kafunguliwa chupa ya mvinyo aliowahi kuupa tisini na nne. Mimi napanga sahani za samaki, harufu ikanijia ya kadibodi lililorowa. Neno likanitoka: "Hiyo imeharibika." Meneja nusura azimie. Mzee akacheka, akanusa tena, akaacha kucheka. Na alikuwa ameshaanza kuusifu, Mama! Ikaletwa chupa nyingine ya aina ileile, haina ile harufu.

Sasa wanataka kunipeleka Afrika Kusini miezi sita nikafundishwe kazi hiyo. Pua hii nimeipata kwenye sufuria lako la udi. Unasemaje?

Mwanao, Salhiya


Kiponda, 17 Mei 2024

Salhiya,

Marahaba. Goti halijambo. Barua yako nimeinusa kabla ya kuisoma, unanijua. Karatasi na bahasha, vyote vinanuka mvinyo. Miaka thelathini nawachanganyia udi maharusi wa mji huu, sijakosea harufu hata siku moja. Tuliagana utabeba chakula tu, chupa uwaachie wengine. Kumbe unakunywa, kisha unanitungia visa vya wazee wanaotema! Nenda Afrika Kusini, nenda unakotaka. Idi ya Mfunguo Tatu, ya kuchinja, usije kwangu.

Mama yako, Shariffa


Bwejuu, 19 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Wallahi sijaonja hata tone, na chupa sijaishika. Nilikuwa upande wa pili wa meza, harufu ikanifuata yenyewe. Karatasi nimeichana kwenye daftari langu, chumbani ninakolala na msichana mwenzangu wa kazi, Duni, na Duni mwenyewe hufunga kila Jumatatu na Alhamisi. Sijui hiyo harufu imetoka wapi. Sina ushahidi, nina neno langu tu. Niamini.

Mwanao, Salhiya


Bwejuu, 27 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Uzima upo? Bakar anasema barua alikukabidhi mkononi, na jibu hukumpa. Kama bado umekasirika, niandikie kwamba umekasirika, nitashukuru hata kwa hilo. Jana binamu Nassra kanisimamisha njiani kuniuliza Idi hii tunashona nguo gani. Nikamwambia bado sijajua. Nilishindwa kumwambia kwamba kwetu nimekatazwa.

Mwanao, Salhiya


Kiponda, 11 Juni 2024

Mwanangu, mwanangu Salhiya,

U mzima? Unakula? Mimi siku ishirini na tano sijalala usingizi wa maana.

Leo asubuhi Bakar kaniletea barua ya binti wa dada yangu, Nassra, anaomba udi wa Idi. Nassra analima mwani hukohuko Bwejuu, hotelini hajawahi kutia mguu. Nafungua: mvinyo! Nikasema haya, na huyu naye? Nikamwita Bakar kabla hajafika mbali. "Naam, Bi Shariffa." Nikamwambia twende ukanioneshe gari lako. Nikatembea na goti hili mpaka Darajani alikoliegesha. Nyuma kuna makreti ya chupa tupu za mvinyo za hoteli, anazirudisha mjini, zinachuruzika, na mkoba wa barua kaulaza juu yake. Nikalia palepale njiani, watu wanapita, Bakar akadhani nimefiwa. Alhamdulillahi, mwanangu! Mzigo ulionitoka kifuani siwezi kukueleza.

Barua zako mbili za mwisho nazo zilinuka, ndiyo maana sikujibu. Yule mzee wako alipoambiwa kakosea, alinusa tena. Mimi mama yako nilikataa hata kukusikiliza. Nisamehe. Njoo Idi. Hiyo safari ya Afrika Kusini tutaizungumza uso kwa uso, bila ugomvi.

Mama yako anayekupenda, Shariffa


Bwejuu, 12 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Hatujambo sote. Nimelia na kucheka pamoja mpaka Duni kaniletea maji ya kunywa. Nshakusamehe, hata kabla hujaomba.

Kuna jambo sikukuandikia. Safari niliikataa siku mbili baada ya kukutumia barua ya kwanza, kabla jibu lako halijafika. Niliwaza: kazi ya kutia mdomoni na kutema mchana kutwa, mimi siiwezi. Meneja ni shahidi. Ningekutajia, pengine hasira ingekutoka siku ileile. Lakini nilitaka uniamini kwa neno langu, bila shahidi. Haikuwa hivyo, ikabidi gari litoe ushahidi, na hilo limeniuma kidogo. Nakwambia ili lisikae moyoni. Litapoa.

Ijumaa nimepewa ruhusa kuanzia mchana. Barua hii simpi Bakar. Nakuja nayo mwenyewe.

Mwanao, Salhiya