Puto Lililozuia Safari ya Fungate

Mjukuu wangu na mke mwenzangu Rehema,

Nachingwea sote wazima, na ufuta mwaka huu umependeza. Unauliza kwa nini ndege yako ilizuiwa ilhali jua linawaka. Nami niliwahi kuchanganyikiwa hivyohivyo.

Nilikuwa bibi harusi, nampenda babu yako hadi nasahau kutia sukari kwenye chai. Kazi yake, hapa uwanja wa ndege, ilikuwa kurusha puto na kulifuata kwa darubini ili ajue upepo wa juu. Rubani mmoja, kwa ombi lake, akatupa nafasi mbili za kwenda Dar es Salaam. Nikavaa kanga mpya, mbingu nyeupe pe, bila wingu! Babu yako akarusha puto, akasikiliza redioni habari za hewa kutoka Kilwa, kisha akamwambia rubani, "Leo tusiende."

Sikuelewa. Si yeye aliyeiomba safari? Somo aliyenifunda akaninong'oneza, "Mume anayeahirisha fungate ana mwingine."

Nikamwuliza babu yako, machozi yananitoka.

"Mke wangu, jua hili ni la Nachingwea. Njia yetu inapita Ruangwa."

Alasiri likaingia lori kutoka Ruangwa, limejaa tope. Dereva akashangaa, "Ninyi mna jua? Kule upepo umeng'oa mabati!"

Somo akammiminia babu yako chai.

Puto lilijuaje? Mpaka leo sielewi. Ila ndege ikichelewa tena, huenda kuna mtu anakutazamia upepo wa juu, kama nilivyotazamiwa mimi.

Bibi yako, bado bibi harusi,
Mwanahawa