Gauni la Kumpokea Baba wa Mwenzie

Haya, karibuni, ingawa hamstahili. Mwezi mzima kona yangu hii ya gazetini imekauka, hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Bibi, goti linaendeleaje?" Mkiwa na raha mnanisahau, mkichomwa na mwiba ndiyo mnakumbuka njia. Ketini. Mkwe wangu, macho yangu ya kusomea, amenisomea barua hii mara mbili.

*Mpendwa Bibi, naomba msaada maana sina wa kumweleza, mimi ni fundi cherehani, nashonea chumbani tunamoishi mimi na binti yangu wa miaka minane, baba yake aliondoka kutafuta kazi, huu mwaka wa pili, simu haipatikani, na wanaobisha hodi kwangu ni wateja tu, wakishachukua nguo wanakwenda zao, sasa binti yangu ana umbo sawa na mtoto wa dada yangu, kwa hiyo kila nikimshonea yule, huyu ndiye ninayemjaribishia, anasimama juu ya stuli namwekea pini, nikimaliza namvua, juzi dada kaleta kitambaa cha njano nishone gauni la mwanawe la kwendea kituoni kumpokea baba yake anayerudi safarini, nikamjaribishia wangu, likamkaa kama kazaliwa nalo, akawa anajigeuzageuza kwenye kioo, nikamwambia, "Vua, utalichafua," nikatoka kununua uzi, kurudi nakuta mkono mmoja wa gauni umekatwa kwa mkasi wangu, nikamchapa, Bibi, sikufichi, nikamwambia, "Huna shukrani wewe, wenzio hata mama hawana," nikamkalisha ataje vitu kumi vya kushukuru, akataja viwili tu, maji na dirisha, leo siku ya tano hanisemeshi, anakula kaelekea ukutani, na mimi naongea na cherehani, dada bado hajui, gauni linatakiwa Jumamosi, nimfunzeje mtoto shukrani kabla wivu haujamla?*

*Fundi*

Fundi, mwanangu, pole. Sasa nisikilize, pole imeishia hapo.

Mafundi wengine wana sanamu la kujaribishia nguo. Wewe lako umelizaa. Mtoto anavishwa vipya, anavuliwa, anarudi kwenye kanga iliyopauka. "Simama wima, usitikisike!" Je, umewahi kumwambia asante? Hata siku moja? Unamdai neno ambalo hajalisikia kwako.

Na kumchapa mtoto kwa wivu ni kumchapa mgonjwa kwa kukohoa. Mwana hutazama kisogo cha nina. Ulipokuwa unalikunja pindo la gauni la kumpokea mume wa dada yako, hukuguna? Usinidanganye, mimi mzee. Umeguna, naye yuko juu ya stuli, kasikia.

Halafu kakwambia dirisha, wewe ukahesabu: viwili, bado vinane! Nani anashukuru dirisha, mwanangu, kama si anayechungulia njia? Gauni halikumuuma. Kilichomuuma ni kuvaa nguo ya kumpokea baba, kisha kuambiwa vua.

Basi fanya hivi. Leo, ukishasoma, funika cherehani. Mwombe radhi kwa kuwa ulimchapa. Mwambie asante kwa kila pini aliyoivumilia. Mwambie ukweli: "Baba sijui alipo, nami namkumbuka." Mwambie kutamani si dhambi, ila kutamani husemwa kwa mdomo, hakusemwi kwa mkasi. Usimtajishe vitu kumi. Kila mkila, wewe taja kimoja, chako, naye akitaka atafuata. Asipotaka, kula.

Mkono wa gauni ushoneni upya pamoja, yeye akushikie kitambaa. Kisha mwende kwa mama yake mkubwa, mtoto aseme mwenyewe, "Nimekata mimi." Wewe mshike mkono, usimsemee. Nawe ukae hapo kwa dada yako, umwambie ulivyo mpweke. Dada wa tumbo moja unaye, halafu unamlilia bibi wa gazetini!

La mwisho: akachague kitambaa chake. Mpime, mshonee gauni lake, asilivue. Gauni la kwenda wapi? La kwenda popote, hata kuchota maji.

Ukija tena kwangu, usije peke yako. Mlete, kavaa hilo gauni. Kiti cha dirishani ni chake. Wewe vuta kingine ukae naye, mchungulie wote wawili.