Tabitha Ana Mahali

Mama Tabitha, mke wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, nawe uniwie radhi. Nimechelewa kukuandikia, na leo ninakuandikia nikiwa na hasira, jambo ambalo mapadre waliotulea misheni walitukataza.

Hapa Ilemela siku hizi kila kitu ni ruksa. Ufukwe umejaa watu wa sangara, na mwenye kiwanja anaulizwa bei hata kabla hajaamkiwa. Mnunuzi mmoja wa samaki anakitaka chetu ajenge ghala la barafu. Nilimwambia, samahani sana bwana, hakiuzwi. Mdogo wangu Magesa akamwambia kinauzwa.

Kisha Magesa akaita kikao cha ukoo, hapa hapa sebuleni kwako. Alidai kiwanja ni cha ukoo kwa kuwa wewe umezikwa hapa, na palipozikwa mtu wetu ni petu. Kaburi lako, Mama Tabitha, ndilo ushahidi wao wa kumnyang'anya mwanao wa pekee! Tena, bila haya, akaongeza kwamba mnunuzi ameahidi kulihamisha kwa heshima.

Kwa heshima!

Nikakukumbuka. Ulianza ukiwa karani wa mahakama, ukinakili hukumu za wanaume, hata ukapelekwa chuoni na kurudi hakimu wa mahakama ya mwanzo. Ulipohamishiwa Ukerewe nami niliomba uhamisho wa ualimu nikakufuata. Pale kivukoni watu wakanicheka: "Mwalimu, kumbe umeolewa wewe!" Hukuwajibu. Ulinipa sanduku lako nilibebe, nami, unisamehe majivuno yangu, nililibeba kama msalaba wa maandamano. Nikamkumbuka na yule mzee aliyekuletea sato mlangoni asubuhi ya kesi yake. "Shikamoo mzee wangu," ulimwambia. "Sato huyu ana miiba mingi kuliko wenzake. Rudi naye."

Nikaikumbuka kesi ya mjane aliyefukuzwa na shemeji zake. Nilikuwa nimeketi benchi la nyuma. Shemeji mkubwa, Mjita mwenzetu ambaye kwake r na l ni mapacha, alitaka kusema kwamba yule mwanamke alitolewa mahari na hana haki nyingine. Akatamka, "Mheshimiwa, huyu tulimlipia mahali!"

Ukaweka kalamu chini. "Mlimlipia mahali?"

"Mahali yote, Mheshimiwa! Hatukubakiza!"

"Basi mwacheni akae."

Hata wazee wa baraza walishika mbavu. Lakini uliwasikiliza mashahidi wote hadi wa mwisho, kwani hukuwahi kuhukumu kwa mzaha. Mjane alirudi nyumbani kwake.

Sasa, katika kikao, Magesa akasimama: "Kaka, mtoto wa kike hana mahali. Ana mahari tu!" Yeye alitamka sawasawa, maana amesoma.

Nami nikasimama. Unanijua, huomba radhi hata ninapokanyagwa. "Niwieni radhi, ndugu zangu," nikasema. "Kiwanja hiki alikinunua Mama Tabitha kabla ninyi hamjajua njia ya kuja hapa. Nimekwisha kwenda ofisi ya ardhi. Sasa kina jina la Tabitha. Ana mahali, na mahali penyewe ni hapa mlipoketi. Chai ipo, karibuni."

"Na ukifa, nani atakuzika?" akauliza Magesa.

Unajua uzito wa neno hilo kwetu. Niliogopa, sikufichi. Lakini sikuketi. Wakatoka bila kugusa kikombe, hata shangazi, ambaye hajapata kuikimbia chai.

Tabitha alilia. "Baba, wape tu," akaniambia, "wasije wakakutupa." Nilikataa. Kulipokucha nilimpeleka kaburini kwako nikamwonyesha mahali pangu, upande wa ziwa. Nikamwambia kwamba yeye ndiye atakayetupa udongo wa kwanza, kazi ambayo kwetu hufanywa na mtoto wa kiume. Aliuliza kama inaruhusiwa. Nikamjibu kwamba nimeruhusu mimi.

Lala salama, mke wangu. Nakuahidi kwamba nikiwa hai hakuna atakayekugusa. Nikifa nitalala hapo ubavuni mwako, wapate kazi ya kuhamisha wawili.

Mumeo,
Baba Tabitha